Kozi imeandikwa 244,800 kwa mwaka: nani hulipa nini, na mbona chuo kimekuwa ghali hivi?

Bi_Langoni (Lamu)

Assalamu alaykum, hamjambo nyote.

Kijana wetu ameitwa chuo kikuu cha umma, kozi ya miaka minne. KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni hapa Kenya, wameandika gharama ya kozi ni shilingi 244,800 kwa mwaka. Kakake mkubwa alisoma kabla ya mpango huu mpya, karo yake ya masomo ilikuwa 16,000 kwa mwaka, na hiyo yenyewe tuliichanga. Babake ni mvuvi, mamake hushona kofia. Hakuna mwenye hati ya mshahara nyumbani.

Nauliza mambo mawili. Je, hizi 244,800 zote ni zetu? Na kumezidi nini huko chuoni hata bei ikaruka namna hii? Mwenye kujua anieleze kwa hesabu. "Mungu atafungua njia" hiyo naijua.

Hesabu_Maweni (Malindi)

Wa alaykum salaam, Bi. Si zenu zote, na bei haikuruka kama inavyoonekana.

Ile 16,000 haikuwa gharama ya kumsomesha mtu. Ilikuwa sehemu ya mwanafunzi, iliyowekwa miaka ya 1990 na kuachwa pale pale. Kilichobaki serikali ilikipeleka chuoni yenyewe, kwa hiyo hakuna mzazi aliyekiona. Mpango uliozinduliwa Mei 2023, ulioanza na waliofanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2022, unaandika gharama nzima ya kozi kisha unaikata vipande vitatu: ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, mkopo wa karo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na sehemu ya nyumbani. Vile vipande viwili vya kwanza huenda moja kwa moja chuoni, havipiti mikononi mwenu.

Ukubwa wa kila kipande unategemea bendi aliyowekwa mwanafunzi, yaani daraja la uwezo wa nyumba yake. Mpango wa bendi tano ulivyopangwa ni hivi (ufadhili, mkopo, nyumbani):

Bendi ya 1: asilimia 70, 25, 5
Bendi ya 2: 60, 30, 10
Bendi ya 3: 50, 30, 20
Bendi ya 4: 40, 30, 30
Bendi ya 5: 30, 30, 40

Kwa kozi ya 244,800, nyumba ya bendi ya 1 inatoa 12,240 kwa mwaka, ya 2 inatoa 24,480, ya 3 inatoa 48,960, ya 4 inatoa 73,440 na ya 5 inatoa 97,920. Gawanya kwa mihula miwili upate cha kulipa kila mnapofungua.

Sasa lile ambalo wengi hawaliangalii. Juu ya mkopo wa karo kuna pesa za matumizi, zinazoingia kwa mwanafunzi mwenyewe: 60,000 kwa mwaka bendi ya 1, kisha zinashuka kwa 5,000 kila bendi hadi 40,000 bendi ya 5. Watoto huziita "pesa za HELB" kana kwamba ni zawadi. Nazo ni mkopo, zinaandikwa kwenye deni lile lile.

Piga hesabu ya miaka minne kabla ya riba. Bendi ya 1 anadaiwa 61,200 ya karo na 60,000 ya matumizi kila mwaka, jumla 484,800 akimaliza. Bendi ya 2 anamaliza na 513,760. Bendi ya 3, 493,760. Bendi ya 5, 453,760. Yaani aliyetoka nyumba yenye uwezo kuliko zote ndiye mwenye deni dogo kuliko wale watatu wa chini. Mimi naona hii ndiyo kasoro kubwa ya mpango wenyewe, lakini huisikii ikizungumzwa. Watu wanagombania sehemu ya nyumbani kwa sababu ndiyo inayouma leo.

Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Mtu hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na anayenyamaza hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Asiye na kazi aandikie HELB awaarifu. Akijificha deni linakua kwa faini kuliko kwa riba.

Tahadhari moja: msishike asilimia hizi kama aya. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mpango huu unakiuka Katiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo mwaka uliofuata, na 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo kuanzia Septemba. Someni kiasi cha nyumbani kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mwanafunzi mwenyewe, kisha mlinganishe na akaunti yake ya karo chuoni. Vikitofautiana, ulizeni ofisi ya fedha kabla ya kulipa.

Jahazi_Mkomani (Lamu)

Mimi naona ni mishahara tu inayokula. Wahadhiri wanagoma, mgomo ukiisha karo inapanda. Punguza wahadhiri, mmoja arekodi masomo yake watoto watazame kwenye simu, bei itashuka.

Daftari_Shela (Malindi, si Shela ya Lamu)

Ndugu yangu Jahazi, nusu umesema kweli. Mishahara ndiyo sehemu kubwa ya matumizi ya chuo chochote, hapa kwetu na ughaibuni. Kazi ya kufundisha haipunguki kwa mashine kama kazi ya kiwanda. Miaka hamsini iliyopita insha mia zilisahihishwa na mtu, na leo zinasahihishwa na mtu, ila mshahara wa mtu huyo lazima ufuate bei ya unga. Kurekodi mhadhara kunaokoa saa ya mhadhara peke yake. Haiondoi maabara, ambako kundi likizidi watu ishirini na kitu wengine wanatazama tu. Haiondoi kusahihisha, wala kusimamia tasnifu, wala safari ya mhadhiri kumkagua mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazini Hola au Mpeketoni, ambako kuna nauli, malazi na posho.

Halafu kozi hazilingani. Kozi ya historia inataka chumba, vitabu na mwalimu. Sayansi ya bahari inataka mashua, vipimo na kemikali zinazonunuliwa kwa dola. Udaktari unataka hospitali nzima. Ndiyo maana mwaka 2016 serikali iliacha kulipa kiasi kimoja kwa kila kichwa ikaanza kulipa kwa gharama ya kozi. Ahadi ilikuwa serikali itoe asilimia 80 ya gharama hiyo. Idadi ya wanafunzi ikapanda, bajeti haikupanda nao, na kufikia 2022 kilichotolewa kilikuwa chini ya nusu. Pengo hilo halikupotea hewani. Lilikaa vitabuni kama madeni ya wauzaji bidhaa, michango ya pensheni iliyokatwa kwa wafanyakazi isifike, na mikataba ya mishahara iliyosainiwa bila pesa nyuma yake. Mgomo wa wahadhiri wa Septemba hadi Novemba 2025 ulikuwa wa kudai mabilioni ya mikataba ya nyuma, si nyongeza mpya kama watu walivyodhani.

Kuna jambo la pili ambalo hulisikii sana. Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua mlango kwa wanaojilipia wenyewe na vyuo vingine vikafuata, pesa za wale wa jioni na wikendi ndizo zilizoziba pengo. Vyuo vikafungua matawi hata juu ya maduka, vikaajiri, vikajenga. Wanaojilipia walikuwa wengi kwa sababu waliopata C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, walizidi nafasi za serikali. Kisha mtihani wa KCSE wa 2016 ukabanwa: waliopata C+ na kuendelea walikuwa 169,492 mwaka 2015, mwaka uliofuata wakawa 88,929. Serikali ikaweza kuwachukua wote, na hata ikawapeleka wengine vyuo vya binafsi. Wa kujilipia wakaisha ghafla. Majengo na wafanyakazi wakabaki, pesa iliyowalipa haikubaki.

Mpango wa 2023 uliletwa kuziba pengo hilo. Kwa lugha ya mhasibu, serikali imehamisha sehemu ya deni la vyuo kwenye jina la mwanafunzi. Unaweza kuuunga mkono au kuupinga, lakini ndivyo ulivyo.

Athari yake mtaiona hivi: ufadhili na mkopo vikichelewa kutoka Nairobi, chuo hakina akiba ya kuvumilia, kwa hiyo kinambana mwanafunzi kwenye kipande kinachoweza kupatikana mara moja, yaani cha nyumbani. Ikiwa sehemu yenu kwa muhula ni 24,480 na mmelipa 15,000, mfumo unaweza kumnyima kadi ya mtihani ingawa laki nzima ya serikali haijaingia. Lipeni yenu kwanza, mweke risiti.

Mkunguni_Saiba (Lamu)

Bi, mengine wamesema, mimi nitasema ya kujaza fomu, kwa kuwa hapo ndipo bendi inapoharibika.

Maombi yanafanywa kwenye tovuti ya HEF, ile ya serikali ya ufadhili na mkopo, na si ya lazima wala hayajitumi yenyewe kwa kuwa kijana ameitwa chuo. Asiyeomba huhesabiwa kama mwenye uwezo wa kulipa yote. Awe na kitambulisho chake, namba yake ya mtihani wa KCSE, baruapepe yake, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Laini ya mjomba haifai: pesa za matumizi zitakwama. Awe pia na namba za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki, namba na simu za wadhamini wawili, na ushahidi wa karo iliyolipwa sekondari pamoja na ya ndugu zake wanaosoma sasa.

Majina ndiyo maradhi ya huku kwetu. Cheti cha KCSE kinasema Mohamed Ali Omar, kitambulisho kinasema Muhammad Aly. Mfumo haujui kwamba ni mtu mmoja. Rekebisheni kitambulisho kabla dirisha la maombi halijafunguka, kwa sababu kadi mpya haiji kesho.

Jingine: msimwachie kijana wa saiba (duka la intaneti) ajibu maswali kwa kukisia. Fomu inauliza nyumba ni ya aina gani, mnapikia nini, wangapi wanalishwa, nani mgonjwa au mlemavu, nani analipa karo. Kila jibu lina uzito wake. Anayekisia huandika "mzazi: mfanyabiashara, 50,000" ili amalize haraka ahudumie mwingine. Na baruapepe iwe ya mwanafunzi, neno la siri aliandike kwenye daftari lake. Wengi huja mwaka wa pili kuomba tena hawawezi kuingia kwa kuwa akaunti ilifunguliwa kwa baruapepe ya saiba iliyokwisha fungwa. Mkopo huombwa kila mwaka, msisahau.

Bendi ikitoka haiendani na hali ya nyumbani, kuna sehemu ya kukata rufaa humo humo. Rufaa inayoshinda ni yenye karatasi: barua ya chifu, cheti cha kifo, barua ya hospitali, fomu za karo za wadogo zake. "Tuna shida sana" pekee haisogezi kitu.

Maalim_Wiyoni (Lamu)

Nimesoma kwa makini. Naongeza moja nje ya fomu.

Watu huuliza mbona Marekani kuna vyuo ghali kupindukia ambavyo mtoto wa maskini husoma bure. Jibu ni wakfu. Harvard mwaka 2024 ilikuwa na mali ya wakfu ya zaidi ya dola bilioni 53, na kila mwaka hutumia takriban asilimia 5 ya mali kama hiyo, mtaji unabaki. Bei iliyoandikwa hulipwa na wenye nacho, wengine hupunguziwa. Lakini vyuo vya namna hiyo ni vichache hata huko. Vyuo vya umma vya majimbo, ambako wengi husoma, vilikuwa vikitegemea kodi ya jimbo, na jimbo likipunguza, karo hupanda. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 majimbo mengi yalifanya hivyo. Kisa chao na chetu havipishani sana.

Wakfu si kitu kigeni kwetu. Qarawiyyin ya Fez, tangu 859, na Azhar ya Cairo ziliendeshwa karne kwa karne kwa mapato ya maduka na mashamba yaliyowekwa wakfu. Hapa Lamu nyumba na mashamba mangapi yamewekwa wakfu kwa misikiti? Chuo kikuu cha umma cha Kenya kina ardhi kubwa, ila mapato ya mali yake hayafiki popote karibu na mishahara yake. Ndiyo maana serikali ikipiga chafya kwenye bajeti, chuo kinalazwa.

Bi_Langoni (Lamu)

Ahsanteni, nimefahamu. Bado mawili. Babake hataki mkopo kwa sababu ya ile asilimia 4. Na mapato yake ya uvuvi niyaandike vipi? Kusi hatoki, kaskazi ana siku hupata vizuri.

Hesabu_Maweni (Malindi)

Hukumu ya riba muulizeni shekhe wenu, mimi nawapa tarakimu. Ufadhili na mkopo ni maombi mawili, mnaweza kuomba ufadhili mkaacha mkopo. Mkiacha, kipande cha mkopo kinarudi nyumbani. Kwa bendi ya 3 mtatoa 73,440 na 48,960, jumla 122,400 kwa mwaka, yaani 61,200 kila muhula. Pesa za matumizi pia hamna, kwa hiyo chakula na chumba ni juu yenu. Njia ya kati ni kuchukua mkopo wa mwaka wa kwanza huku mkitafuta basari, kisha kuacha miaka inayofuata, kama shekhe ataona panafaa. Kuna wanaokataa mkopo Septemba kwa hamasa, kufikia Februari mtoto hana kadi ya mtihani. Amueni mkiwa na pesa za mihula miwili mkononi, si ahadi.

Hizo za matumizi pia mzipime. Elfu 50 kwa miezi minane ya masomo ni 6,250 kwa mwezi, na mara nyingi za muhula wa kwanza huingia wiki kadhaa baada ya kufungua. Mtoto wa Lamu anavuka Mokowe, anapanda basi la Mombasa, anafika chuoni na lazima alipe hosteli siku ile. Andaeni ya mwezi wa kwanza na nusu kutoka nyumbani, vyovyote bendi itakavyokuwa. Na someni barua ya chuo ukurasa wa mwisho: usajili, kitambulisho cha chuo, matibabu na chama cha wanafunzi mara nyingi viko nje ya zile 244,800.

Mapato ya baba: msiandike ya mwezi mzuri. Chukueni mwaka mzima mgawe kwa 12. Tuseme miezi saba ya bahari nzuri anabakiwa na 30,000, na miezi mitano ya kusi anabakiwa na 8,000. Hiyo ni 210,000 na 40,000, jumla 250,000, sawa na 20,833 kwa mwezi. Viwango vilivyotangazwa ni bendi ya 1 hadi 5,995 kwa mwezi, ya 2 hadi 23,670, ya 3 hadi 70,000, ya 4 hadi 120,000. Kwa hiyo akiandika 30,000 anaonekana wa bendi ya 3, akiandika wastani wa kweli anaonekana wa 2. Mapato si kipimo pekee, lakini kosa hili ni la bure.

"Anabakiwa" maana yake baada ya mafuta, barafu, na fungu la mwenye chombo ikiwa chombo si chake. Kama BMU ya hapo, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, inaandika mizigo inayoshushwa, ombeni nakala, itasaidia kwenye rufaa. Kofia za mama nazo ziingie: kofia iliyochukua miezi mitatu kushonwa, bei yake toeni uzi, mgawe kwa mitatu. Msifiche, kwa sababu taarifa hulinganishwa na rekodi nyingine za serikali, na chombo kilichosajiliwa kwa jina la baba kinaonekana.

Daftari_Shela (Malindi)

Basari nayo: chukueni fomu ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo) ya eneo bunge lenu na ya wadi kwa kaunti, zote mbili, wakati fomu zinatolewa. Mnahitaji barua ya kuitwa, muundo wa karo wenye akaunti ya benki ya chuo, na muhuri wa chifu. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, na moja inaweza kuwa na wanafunzi arobaini. Namba ya usajili ya kijana isipokuwa kwenye orodha inayoandamana nayo, pesa huingia chuoni zikakaa bila mwenyewe. Akisikia hundi imetoka, aende ofisi ya fedha na nakala ya orodha, asubiri mpaka aone kiasi chake kwenye akaunti yake ya karo. Na zikizidi sehemu ya nyumbani, aandike barua ziende muhula unaofuata.

Bi_Langoni (Lamu)

Kitambulisho chake kina Aly na cheti kina Ali. Kesho tunaanzia Huduma Centre.

Mkunguni_Saiba (Lamu)

Nendeni na cheti cha kuzaliwa na cha KCSE vyote, asili na nakala. Cha kuzaliwa nacho kikiwa na Aly, basi kinachorekebishwa ni cheti cha mtihani kupitia KNEC, baraza la mitihani, na hiyo inaanzia shule aliyofanyia mtihani, si Huduma.